Kiti cha Lamarcus

Nilipanda ngazi nne za mbao, ya tatu imelegea,
nikabisha kwa Odessa Pettway,
Mtaa wa Ishirini na Saba, Milwaukee,
kitambulisho shingoni, fomu kwapani,
na swali nililolikariri hadi likaisha ladha:
Tarehe mosi Aprili, nyumba hii ilikuwa na watu wangapi?

"Wawili," akasema. "Mimi na Lamarcus."

Penseli yangu ikaandika mbili. Nakiri.
Viatu vyake vilikuwa pale pale mlangoni,
namba arobaini na sita, vimepigwa rangi,
na jikoni viti viwili, kimoja
kimevalishwa koti la kiwanda cha breki.
Nikauliza, kwa kuwa fomu inauliza:
siku nyingi hulala wapi?
Akanitazama kama fundi anayepima kitambaa
akijua hakitatosha.
"Stolberg," akasema. "Mwaka wa sita huu."

Kanuni ni fupi, tulifundishwa siku ya kwanza:
mtu huhesabiwa anapolala, si anapongojewa.
Nikafuta mbili. Nikaandika moja.
Kifutio kikamwaga vumbi la waridi mezani,
naye akalikusanya kwa kiganja, taratibu,
akalitia kwenye sinki
kama makombo ya mkate.

Stolberg ni mwendo wa saa tatu kaskazini:
mahindi, ghala la jibini, mahindi, ukuta.
Kata ya tatu ya mji ule, kwenye karatasi,
ina wakazi elfu moja mia nne na wawili.
Elfu na mia moja kati yao
hawajui duka la mikate liko upande gani.
Hawapigi kura. Hawavuki barabara.
Diwani wao, Bwana Gunther Halvorsen, muuza matrekta,
hajawahi kubisha milango yao,
ingawa, tusimwonee, milango ile haibishwi.
Alishinda kwa kura arobaini na tatu.
Nasikia ni mtu mwema,
theluji ikianguka huwafagilia wajane njia, bure.

Haba na haba hujaza kibaba.
Vichwa na vichwa hujaza kiti,
na kiti hakiulizi vichwa vimetoka wapi,
wala kama vililetwa kwa basi usiku,
pingu mikononi, mifuko ya karatasi magotini.

Kisha, mji mkuu, kijana mwenye kikokotoo
anagawanya watu kwa viti, anabakiwa na desimali.
Desimali inasogeza mstari.
Mstari unapita nyuma ya kanisa la Odessa,
kwenye uwanja wa mpira wa kikapu usio na nyavu,
na mtaa mzima unaamka jirani wa mtaa
usioujua jina. Umepungua, wanasema.
Umepungua kweli. Wanaume wake
wamehesabiwa na mahindi.

"Ngoja," akasema Odessa.
Akavuta droo ya kuponi za sabuni,
akatoa barua iliyokunjwa mara nne.
Lamarcus alikuwa amelalamika juu ya maji,
mabomba ya kutu, vidonda vya ngozi.
Diwani alijibu kwa mashine, mistari miwili, kwa adabu:
Nasikitika, bwana, wewe si mkazi wa kata yangu.
Mwandikie mwakilishi wa kwenu.

"Basi niambie," akasema,
"wewe mwenye penseli. Kwao ni wapi?"

Nilikuwa na kijitabu chenye majibu.
Majibu ya mabaharia, ya wanafunzi wa bweni,
ya mtoto aliyezaliwa saa sita na dakika moja usiku,
ya mtu anayelala ndani ya gari.
Nilipekua hata hivyo, kurasa zikifanya kelele.

Akaona nimechoka. Akachemsha kahawa.
"Kaa basi," akasema,
akaketi kwenye chake.

Kilibaki kile chenye koti.

Fomu niliimalizia nikiwa nimesimama,
mwandiko umepinda, kikombe kikinichoma mkono wa kushoto.